Kindu na walinda amani: kutoka ndege za 1961 hadi Radio Okapi

Wakaaji wa Kindu wakisikia habari za askari wa Umoja wa Mataifa, wengi hukumbuka magari meupe ya MONUC na MONUSCO. Lakini mji huu ulikwisha kuwapokea walinda amani miaka arobaini mbele ya hapo, na mapokezi yale yaliishia kwa damu.

Mwaka 1961 nchi ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, tena imekatika vipande. Tarehe 17 Januari Lumumba aliuawa Katanga. Maniema, ambako chama chake cha MNC kilikuwa na nguvu, kifo kile kilikuwa msiba wa nyumbani. Askari wa Kongo waliokuwa Kindu walikuwa wa upande wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na adui yao alikuwa Tshombe pamoja na mamluki wake wazungu.

Tarehe 11 Novemba, ndege mbili za mizigo aina ya C-119 zilitua Kindu zikitoka Kamina. Zilikuwa na wanajeshi 13 wa anga wa Italia, chini ya Meja Amedeo Parmeggiani. Waliwaletea mahitaji walinda amani waliotoka nchi inayoitwa leo Malaysia. Hawakuja kupigana. Walivamiwa wakiwa mezani, katika mesi ya maofisa. Walidhaniwa kuwa mamluki wa Tshombe. Wazungu, ndege, sare za jeshi: nani angesimama kueleza tofauti, na kwa lugha gani? Wote 13 waliuawa. Miili yao ilipatikana baadaye katika makaburi ya Tokolote, ikarudishwa Italia mwaka 1962, na leo imelala Pisa.

Ni rahisi kuwaita wauaji washenzi na kufunga kitabu. Kosa lao halifutiki. Lakini Umoja wa Mataifa nao ulileta ndege, chakula na bunduki, bila njia ya kusikika mjini upesi kuliko uvumi.

Vita vilirudi. Oktoba 1998 RCD iliuteka Kindu. Treni ya kutoka Katanga ilikatika, Mai-Mai wakashika misitu ya kandokando, na kilichotoka mbali kikategemea ndege, kwa bei ambayo si kila mama sokoni aliiweza. Tarehe 9 Novemba 2001, kwa azimio namba 1376, Baraza la Usalama liliunga mkono MONUC kupeleka watu mashariki, Kindu na Kisangani zikitajwa kwa majina.

Safari hii kulikuwa na jambo jipya. Tarehe 25 Februari 2002 ilianza Radio Okapi, kazi ya MONUC na Fondation Hirondelle ya Uswisi, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Kindu nao ukapata kituo. Mtu wa Alunguli aliweza kusikia, kwa lugha yake, habari za upande wa pili wa vita. Pengine redio ile ilifanya kazi kuliko kifaru. Mwaka 2004 treni nayo ikafika tena.

Desemba 2023 Baraza la Usalama liliamua MONUSCO iondoke hatua kwa hatua, na Juni 2024 ikatoka Kivu Kusini. Askari walihesabiwa wakiondoka. Historia ya mwaka 1961 bado iko vichwani mwa wazee wa Kasuku na Alunguli, na aliyekuwa mtoto wa miaka kumi siku ile sasa amepita sabini.