Kachumbari ya papai bichi: mgeni ni nani?

Ile wanayoiita saladi ya Kithai, mimi naiandaa hapahapa Kilwa Masoko: papai bichi lililoparuzwa, pilipili kichaa iliyotwangwa na chumvi na kitunguu saumu, ndimu, na korosho za Lindi zilizokaangwa. Usiichanganye mapema, ikikaa inalegea. Jirani yangu akionja husema, "Haya mapishi ya wageni, bwana."

Haya, tuulizane mgeni ni nani. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, huko Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, na pembeni ndimu za kuloweka kwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Papai, pilipili kichaa, nyanya na korosho hakuzikuta. Asili yake ni bara la Amerika. Zilikuja baada ya Wareno, walewale walioiteka Kilwa Kisiwani mwaka 1505. Hata Thailand, papai na pilipili vilifika kwa njia ya biashara ya bahari.

Kachumbari yenyewe ni neno la kutoka India. Sasa ukiondoa kila kilicholetwa na jahazi na meli, sahanini kwetu panabaki chumvi tu. Mimi sikiondoi kitu. Karibu tule.