Kabla Maumivu Hayajaanza: Wajitoleaji wa Afya katika Sharika Zetu

Makanisa yaliyotokana na Matengenezo hayakuanza jana kuwafundisha watu wa kawaida kazi ya kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner wa Kaiserswerth, mji mdogo kando ya mto Rhine nchini Ujerumani, alifungua hospitali iliyokuwa pia chuo cha wanawake wa Kikristo. Usharika wake ulikuwa maskini. Kiwanda cha nguo kilichowalisha washarika kilikuwa kimefilisika, naye alikuwa amezunguka nchi jirani akiomba sadaka ili kanisa lisife. Wanawake wale aliwaita madiakonia, akitaka kurudisha huduma ile ambayo Fibi wa Kenkrea anatajwa nayo katika Waraka kwa Warumi. Florence Nightingale mwenyewe alikaa pale kujifunza mwaka 1851. Fliedner aliona kwamba huruma peke yake haioshi kidonda. Mwenye huruma sharti afundishwe.

Madiakonia walifika nchini kwetu pamoja na wamisionari, na hospitali nyingi tunazozijua leo zimesimama juu ya kazi ya mikono yao. Lakini hospitali humsubiri mgonjwa aje. Kumfuata mtu nyumbani akiwa bado mzima ni kazi ya namna nyingine, na kwa Tanzania somo kubwa la kazi hiyo lilitolewa mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya.

Wazee wetu wengi wanaikumbuka. Vikundi vilikaa chini ya mti au katika darasa la shule, vikasikiliza kipindi redioni, vikasoma sura ya kitabu, kisha vikajadiliana: hapa kwetu tufanye nini? Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu kama milioni 2 walishiriki. Hawakuwa waganga. Walikuwa walimu, wakulima waliojua kusoma, makarani, na bila shaka wainjilisti wetu pia. Baada ya majadiliano watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu vilizungumzwa. Saratani haikuwamo.

Haikuwamo kwa sababu ya haki kabisa: kiongozi wa kikundi angesema nini? Mwaka 1973 hata mabingwa hawakujua kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Ni mwaka 1983 ndipo Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani walipotenga aina ya 16 ya kirusi cha papiloma kutoka katika uvimbe wa ugonjwa huo, na mwaka uliofuata aina ya 18. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Kuanzia hapo saratani hii, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania na kuwapata kwa makadirio zaidi ya 10,000 kila mwaka, ikawa ugonjwa wenye njia unayoweza kuiziba. Kirusi huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kabla ya kugeuza chembe kuwa saratani. Miaka hiyo yote mama hasikii maumivu yoyote.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu ambaye haumwi haendi hospitali, na kwa mama mwenye shamba, watoto na nauli ya kukopa, hilo si uzembe.

Katika Kanisa letu, wajitoleaji walikutana na saratani kwanza kwa upande wa mwisho wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma ya tiba shufaa, ambayo baadaye ilienea katika hospitali nyingine za KKKT. Washarika walifundishwa kumtembelea mgonjwa nyumbani, kumgeuza kitandani, kujua dawa za maumivu, kuomba naye na kukaa na familia. Kazi hiyo ni njema mno, wala hatutaki mtu aidharau. Lakini aliyeifanya hukutana na jambo lile lile nyumba hata nyumba: mama wa miaka arobaini na kitu, aliyetokwa damu miezi mingi akanyamaza kwa aibu.

Je, mtu asiye daktari anaweza kusaidia mapema zaidi? India ilikwisha kujibu. Huko Mumbai, chini ya Hospitali ya Tata Memorial, wanawake waliosoma hadi darasa la kumi tu walifundishwa kwa wiki nne kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama sehemu fulani inageuka nyeupe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013, baada ya kufuatilia wanawake wapatao 150,000: vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31. Siki! Kitu cha jikoni.

Kwetu kipimo hicho hufanywa na wauguzi na matabibu vituoni, na mara nyingi doa likionekana hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandisha au kwa joto. Kazi ya mjitoleaji ni kumfikisha mama pale. Anahitaji kujua kituo kipi kinapima, siku gani, kwamba kipimo huchukua dakika chache, na kwamba doa si hukumu ya kifo. Anahitaji pia ulimi usiotangaza siri za watu. Hili la mwisho, kwa maoni yetu, ndilo litumike kumchagua, hata kabla ya elimu yake.

Kisha ikaja chanjo. Mwezi Aprili 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima, na mwaka 2024 ilitolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uvumi ulitangulia sindano: kwamba inaharibu uzazi, kwamba ni ruhusa ya uasherati. Hofu hizo zilikaa nasi katika mabenchi ya ibada, na tangazo la redio halikuzitoa. Bibi aliyeketi na mama wa binti, akamsikiliza mpaka mwisho, ndiye aliyeweza kumweleza kwamba chanjo haigusi uzazi, na kwamba binti huchanjwa mapema kwa sababu kinga hutakiwa kuwepo kabla kirusi hakijafika.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafundisha zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, nao watalipwa posho. Wengine wameanza kuuliza kama wajitoleaji wa usharika bado wanahitajika. Mhudumu mmoja atakuwa na kaya nyingi na magonjwa mengi ya kufuatilia. Umoja wa Wanawake hukutana kila wiki, unajua ni nani hakuonekana, na unajua kwa nini.