Umri wa Tembo la Mnazi

Katika Kwale ya kale, toka Diani hata Msambweni, mgema alipanda mnazi asubuhi na jioni, akalikata karara kwa kisu kikali na kuteremsha kibuyu chenye tembo tamu, ambalo hamira ya hewani ilikwisha kulianza kabla halijafika chini. Kufikia jioni ukali hushinda utamu. Siku ya pili uchachu hutamalaki, na baada ya siku kadhaa vijidudu huigeuza pombe kuwa siki. Hapo fikihi nayo huingia, kwani Wadigo wa Kwale, ambao wengi wao walisilimu, wameharamishiwa tembo, ilhali siki iliyogeuka yenyewe ni halali jikoni. Wazungu hujifaharisha kwa divai iliyohifadhiwa miaka. Tembo, kwa rai yangu, haliistahimili subira hiyo. Alitakaye tamu na awahi asubuhi.