Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mwingine

Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa nguvu ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo husifiwa kuliko inavyosomwa. Haikumwacha huru mtu yeyote hadi aende mwenyewe mahakamani kuomba. Masuria ilihesabu kuwa watu wa nyumbani kwa bwana, wasiotoka ila kwa kuthibitisha ukatili, na hali yao haikubadilishwa hadi 1909. Bwana alilipwa fidia. Yule aliyekombolewa alitakiwa aonyeshe makazi ya kudumu na njia ya riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Sharti hilo la makazi ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu shamba lilikuwa la bwana, na hata kibanda kilisimama juu ya ardhi ya bwana. Sheria ilimtaka mtu awe na pa kukaa bila kumpa pa kukaa. Ndiyo maana nadhani historia ya usawa Unguja isomwe kwanza kwa kuuliza kiwanja ni cha nani, kabla ya kuhesabu nani alipiga kura na lini.

Wengi walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe. Huko mtu alijenga kwa miti, udongo na makuti. Nyumba ikawa yake, kiwanja kikabaki cha tajiri au cha wakfu. Mwanzoni wenye ardhi wengi hawakudai kitu, au walidai kidogo tu, maana kuwa na watu nyuma yako kulikuwa heshima. Baadhi ya wakfu ziliwekwa hasa ili watumwa walioachwa huru na walioziweka, pamoja na vizazi vyao, wapate pa kuishi. Ukoloni ulipounda Kamisheni ya Wakfu na mji ukazidi kujaa, ardhi ile ile ikaanza kutazamwa kwa jicho la mapato. Kufikia miaka ya 1920 kodi ya kiwanja ilikuwa imepanda hadi kumlemea mchukuzi wa bandarini na mwanamke muuza vitumbua. Mnamo 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma, wanawake wakiwa mstari wa mbele: hawakulipa na hawakuhama. Serikali ilituma polisi, kisha ikalazimika kuweka mipaka ya kodi kwa sheria.

Wapo watakaosema kwamba usawa ulishonwa na kuimbwa zaidi kuliko ulivyogomewa. Hoja hiyo ina nguvu. Wanawake waliokatazwa kujifunika enzi za utumwa walivaa kanga kisha buibui, na mwaka ule ule wa 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo wa watumwa, alikwenda Bombay kurekodi taarab kwa Kiswahili. Hayo yalibadilisha namna mtu alivyotazamwa barazani. Lakini buibui lilinunulika dukani, kiwanja hakikununulika. Mgomo nao ulikuwa na jambo ambalo siasa za miaka ya 1950 zililipoteza: watu wa asili mbalimbali walisimama pamoja kwa kuwa wote walidaiwa kodi. Uchaguzi wa 1957, uliowaacha nje wanawake wote na wanaume wasio na mali au elimu ya kutosha, ulikuta watu wameshaanza kuhesabiana kwa asili.

Pingamizi kubwa zaidi ni Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Je, si yalimaliza suala hili? Tarehe 8 Machi mwaka huo ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Kodi ya kiwanja ikafa, na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Anayelidharau hilo hajui mpangaji aliogopa nini. Ila gharama yake ilikuwa damu ya maelfu na majumba yaliyotaifishwa, na mwaka 1970 mabinti wa familia zenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa jina la usawa wa rangi. Ni kutengwa kule kule, ila waliotengwa sasa ni wengine. Eka tatu nazo hazikuruhusiwa kuuzwa. Yalipojengwa majumba marefu ya Michenzani, nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa kupisha mpango ambao wenye nyumba hawakuuchora.

Sheria ya ardhi ya 1992 ilileta haki ya matumizi, lakini ardhi yenyewe ikabaki ya umma mikononi mwa serikali. Mwaka 2000 UNESCO iliuandikisha Mji Mkongwe katika urithi wa dunia, na Ng'ambo ikabaki nje ya mstari. Mpangaji wa 1928 alimjua mwenye kiwanja chake, na aliweza kumnyima kodi. Mjukuu wake hana kodi ya kiwanja ya kumnyima mtu, kwa hiyo siku mpango mpya wa mji unapopita juu ya nyumba yake, silaha ile ya bibi yake haimfai kitu. Inabidi atafute nyingine, ofisini au kwenye sanduku la kura.