Utafiti unaolipwa kwa chaza

Baba mdogo aliuliza kama wavuvi wa huku Massachusetts wanaelewana na wanasayansi. Zamani walikuwa hawaivi kabisa. Desemba 1994 serikali ilifunga maeneo makubwa ya Georges Bank ili samaki wazaane, na wavuvi wa skalopu (jamii ya chaza) wa New Bedford wakafungiwa humo humo. Wakalalamika kuwa skalopu wamejaa, nani awaamini? Sisi manesi mgonjwa akisema anaumwa tunampima, hatumbishii. Basi 1999 wakampakia kwenye boti zao Kevin Stokesbury, mwanasayansi wa chuo kikuu, akashusha kamera hadi chini kuhesabu. Kweli walijaa! Mwaka huo huo sehemu ikafunguliwa.

Na hela je? Hapo ndipo paliponifurahisha. Serikali haitoi fedha taslimu, inatenga fungu la mavuno. Boti inavua, inauza, mauzo yanalipia utafiti na gharama za boti. Mwaka 2011 fungu hilo liliwekwa ratili 1,250,000 kwa mwaka. Ubaya wake, bei ikianguka sokoni, utafiti nao unakosa hela. Skalopu ni ghali, wanajilipia. Ila dagaa wenu, baba mdogo, nani atalipia kuwahesabu?