Nguvu za Kuazima: Dawa na Ukuu wa Bondia wa Uzito wa Juu

Swali la nani aliyekuwa bondia bora kupita wote wa uzito wa juu ni la zamani, na kila kizazi hulijibu kwa kumtaja shujaa wake. Wengine huhesabu mapambano aliyoshinda mtu. Wengine hupima uzito wa konde lake. Wengine hutazama miaka aliyoukalia ubingwa. Hesabu hizi zina faida yake, walakini zote zimejengwa juu ya msingi mmoja ambao aghalabu hautajwi: kwamba nguvu zilizoonekana ulingoni zilikuwa za mwenyewe. Msingi huo ukitikisika, jengo lote huyumba. Ndiyo maana habari ya dawa za kuongeza nguvu si habari ya sheria za michezo peke yake, bali inagusa maana yenyewe ya ukuu.

Kwanza yafaa kutenga ukuu na wingi wa nyama. Joe Louis aliukalia ubingwa wa dunia tangu 1937 hata 1949, akautetea mara 25, na uzito wake ulikuwa ratili 200 hivi. Rocky Marciano alipigana mara 49, akashinda zote, akastaafu mwaka 1956; siku alipoutwaa ubingwa alikuwa na ratili 184, yaani kilo 83 na kitu. Wangesimama leo kando ya mabondia wa ratili 250 wangedhaniwa wadogo zao. Hata hivyo majina yao hayajafifia, na sababu yake haimo katika mizani.

Louis alishindwa na Max Schmeling wa Ujerumani mwaka 1936, akaangushwa asiinuke katika raundi ya 12. Aibu ile aliifanya shule. Tarehe 22 Juni 1938, mbele ya umati mkubwa mjini New York, alimmaliza Schmeling kwa dakika mbili na nukta chache. Marciano naye, usiku wa tarehe 23 Septemba 1952 mjini Philadelphia, aliangushwa na Jersey Joe Walcott katika raundi ya kwanza, na hata raundi 12 zilipotimia waamuzi wote walikuwa wamempa Walcott alama nyingi zaidi. Katika raundi ya 13 konde moja la mkono wa kulia likayageuza yote, na ubingwa ukabadili mwenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitolewa katika ardhi ya Afrika. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali mwenye miaka 32 alikutana na George Foreman mwenye miaka 25, ambaye alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40, na ambaye mwaka uliotangulia alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Kama ukuu ungekuwa nguvu tu, pambano lile lingekwisha kabla ya kengele. Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha Foreman amwage nguvu zake kama mtu atwangaye maji kinuni. Ilipofika raundi ya 8, Foreman hakuwa na silaha ila uzito wa mikono yake, na Ali akamwangusha. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba 1975, karibu na Manila, Ali na Frazier walipigana raundi 14 katika joto kali, hata Frazier akawa haoni sawasawa, na mkufunzi wake Eddie Futch akamzuia asitoke kwa raundi ya 15. Ali mwenyewe alisema baadaye kwamba siku ile alikaribia mauti.

Katika mifano yote hii kipimo ni kimoja. Ukuu wa bondia wa uzito wa juu hauonekani nguvu zake zinapokuwa tele, maana wakati huo wengi hufanana. Huonekana pale nguvu zinapokwisha. Mguu ukiwa mzito, pumzi ikiwa imekatika na jicho limevimba, hapo ndipo hujulikana kilichobaki ndani ya mtu: akili, subira, au hofu. Mwisho wa nguvu ndio mtihani, na mapigano ya kabla yake ni matayarisho tu.

Tamaa ya kuusogeza mbele mwisho huo si ya jana. Mwaka 1904, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini St. Louis, Thomas Hicks alipewa njiani strikinini, ambayo ni sumu, pamoja na pombe kali. Akayumba hata mwisho wa safari na kuhesabiwa mshindi. Mwaka 1935 wataalamu wa kemia wa Ulaya walifaulu kuiunda testosteroni, homoni ya kiume, nje ya mwili. Mwaka 1958 vidonge vya Dianabol, vya ukoo huohuo, vilianza kuuzwa Marekani, na wanyanyua uzito wakawa miongoni mwa wa kwanza kuvitumia. Olimpiki zilianza kupima wachezaji mwaka 1968, na upimaji wa dawa za jamii ya testosteroni ukaanza mwaka 1976. Masumbwi ya kulipwa yalikuwa na ugumu wa peke yake, kwa kuwa hayana serikali moja: mikanda ya ubingwa ni mingi, vyama ni vingi, na kila jimbo la Marekani lina tume yake na kanuni zake. Penye walinzi wengi wasiosikilizana, mwizi hupata njia.

Tarehe 30 Aprili 2005, mjini New York, James Toney alimshinda John Ruiz kwa alama na kuvikwa mkanda wa dunia. Baada ya siku chache vipimo vikaonyesha nandroloni mwilini mwake. Matokeo yakafutwa, mkanda ukarudishwa kwa Ruiz. Hakuna aliyebisha kwamba Toney alikuwa fundi wa kukwepa na kujibu. Ufundi huo alikwisha kuuonyesha katika uzito mdogo zaidi miaka mingi kabla. Lakini ndilo funzo la mkasa huo. Dawa haikumpa ufundi, wala ufundi haukuweza kumsafisha na dawa.

Mkasa wa mwaka 2019 ulikuwa na mafunzo zaidi. Jarrell Miller alitakiwa kupambana na bingwa Anthony Joshua mjini New York tarehe 1 Juni. Vipimo vya kabla ya pambano vikakuta dawa tatu zilizokatazwa, moja ikiwa homoni ya ukuaji na nyingine ile ya kuzidisha chembe nyekundu za damu. Akaondolewa, na nafasi yake akapewa Andy Ruiz, mtu wa ratili 268, mwenye kitambi, ambaye watazamaji walimcheka alipovua shati. Katika raundi ya tatu Joshua, mwenye umbo kama sanamu iliyochongwa, alimwangusha. Ruiz akainuka, na kabla raundi haijaisha akamwangusha Joshua mara mbili. Katika raundi ya 7 akamwangusha mara mbili tena, na mwamuzi akasimamisha pambano. Jicho lilikuwa limedanganywa na misuli. Lakini haki yataka ielezwe pia kwamba mwezi Desemba wa mwaka huohuo, huko Diriyah, Ruiz alirudi akiwa mzito zaidi, akashindwa kwa alama, na akakiri kwamba hakujitayarisha ipasavyo. Ushindi wa usiku mmoja ni ajabu. Ukuu wadai nidhamu ya kila siku.

Kutokana na mikasa kama hii wako wasemao: dawa haipigani, hupigana mtu, basi na aachwe anywe apendacho, maana moyo haunywewi kwa kijiko. Hoja hii ina nusu ya kweli, na nusu ya kweli hupoteza watu kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba hakuna sindano impayo mtu macho ya Louis au akili ya Ali. Lakini dawa humwezesha mtu kufanya mazoezi leo na kesho bila kuchoka kama mwenzake, na damu iliyoongezwa chembe nyekundu humpa pumzi katika raundi za mwisho. Kile ambacho watazamaji hukiita moyo, katika raundi ya 11, mara nyingi ni pumzi. Kwa hiyo dawa haigusi pembezoni mwa mtihani, bali huingia katikati yake. Humpa mtu majibu ya swali ambalo ukuu wake ungepimwa kwalo.

Tena kuna jambo zito kuliko heshima. Mkimbiaji atumiaye dawa humwibia mwenzake nishani. Bondia atumiaye dawa humtia mwenzake hatarini. Mwezi Novemba 1982 Duk Koo Kim wa Korea, bondia wa uzito mwepesi, alipigwa mjini Las Vegas hata raundi ya 14, akafa baada ya siku chache. Kifo hicho hakikuhusiana na dawa, lakini kutokana nacho mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Wenye mchezo walikiri kwamba pale nguvu zinapokwisha, kinga nayo huwa imekwisha. Basi mtu aingiapo mahali hapo na nguvu zisizo zake, mbele ya mwingine aliyechoka kwa haki, mashindano yamekwisha kuwa jina tu.

Wala dawa haimdhuru mpinzani peke yake. Tarehe 2 Oktoba 1980 Ali, aliyekuwa na miaka 38, alirudi kupambana na Larry Holmes. Alikuwa amemeza dawa ya tezi ya shingo, akapungua hata ratili 217, na watu wakafurahi kuona umbo la siku za Kinshasa. Kumbe lilikuwa ganda bila kokwa. Hakuwa na nguvu za kupiga wala za kukwepa, na baada ya raundi 10 upande wake ukasalimu amri. Ilikuwa mara moja tu katika maisha yake ya ulingoni kushindwa kabla ya wakati kutimia. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kumbukumbu za masumbwi, kama kumbukumbu nyingine, husimama kwa uaminifu wa mashahidi, na shahidi wa bondia ni mwili wake. Mwenye kuutia uongo mwili huo hakuharibu pambano moja tu, kwani huwaachia shaka hata walioshinda kwa jasho lao wenyewe, ambao hawana tena njia ya kujithibitisha. Ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na hailipwi kwa kurudishiana mikanda. Aliyeanguka akiwa na nguvu zake mwenyewe ana kitu cha kukumbukwa. Aliyesimama kwa nguvu za kuazima atadaiwa na historia, naye hatakuwa na cha kulipa.