TAZARA: Reli Moja, Mahesabu Mawili

Ukifika Tunduma, kitu cha kwanza kukiona ni foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Mji huohuo unapitiwa na reli ya TAZARA. Hebu jiulize: mwaka 1964 ungekuwa mshauri wa Serikali, ungesema reli hiyo ijengwe?

Mwaka huo wataalamu wa Benki ya Dunia walipiga hesabu wakasema hailipi. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Zambia ilikuwa tayari na reli ya kusini kupitia Rhodesia, na kama njia ya kaskazini ingehitajika, barabara ingetosha. Mwaka 1966 washauri wa Maxwell Stamp, kwa fedha za Uingereza na Canada, wakapima wazo hilohilo wakasema reli inajengeka na italipa.

Shaba ileile, majibu mawili! Inawezekanaje? Ni kwamba hesabu hujibu kulingana na dhana ulizoilisha. Kadiria mizigo michache, utapata hasara; kadiria mingi, utapata faida. Tena kuna mambo yasiyoingia kwenye jedwali kirahisi. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na njia iliyoonekana ya uhakika ikawa kitanzi shingoni mwa Zambia.

Nyerere na Kaunda hawakuuliza faida tu. Waliuliza: njia ya kusini ikizibwa, tutapumuaje? China ikakubali mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa.

Kwa hiyo busara ilishinda mahesabu? Taratibu kwanza. Mwaka 1978 Zambia ilirudi kutumia njia ya kusini, na TAZARA haijawahi kufikisha tani milioni 2 kwa mwaka. Na ile barabara? Tazama tena malori ya Tunduma. Benki ya Dunia haikuiona hatari ya 1965, lakini kuhusu barabara haikukosea sana.

Leo tuna kompyuta za kufanya uigaji, yaani kuchezesha maelfu ya hali zinazowezekana na kuona ipi hutokea mara nyingi. Kwa foleni ya mpakani, uigaji ni chombo kizuri: malori huja kila siku, unayahesabu, kisha unajaribu kuongeza dirisha moja la ukaguzi kabla ya kujenga chochote. Ila kompyuta haitakuigia tukio ambalo hakuna aliyelifikiria. Hapo unamhitaji mtu anayeijua hali, aseme, "Je, mpaka ukifungwa?" Naye asiishie kusema "naona itafaa", aandike makadirio yake na sababu zake, ili kesho tumpime.

Kwa hiyo mtaalamu ataje hatari, modeli ioneshe gharama ya kila moja. Ukimwacha mmoja afanye kazi ya wote wawili, umeshapotea.

Hili si la makumbusho. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilisaini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, kwa hiyo makadirio ya mizigo yatapigwa tena. Ukiletewa jibu, liwe la mtaalamu au la kompyuta, usiulize tu kama reli italipa. Uliza: ni kitu gani kikibadilika, jibu hili litageuka?